Wiki 6 za kujifunza kuandika Kiingereza cha chuo, nikiwa Kampala

Msimamizi wangu alinirudishia pendekezo la utafiti mara mbili, la pili likiwa limejaa wino mwekundu hadi kwenye marejeo. Mimi nimesoma Tabora, shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Kiingereza cha kupatana bei Wandegeya nakimudu. Cha tasnifu ni kingine kabisa. Nikajiunga na kozi ya mtandaoni ya uandishi wa kitaaluma kwa wanafunzi wa kigeni.

Video zake hazikunivutia. Mwalimu anasoma slaidi, nawe unasinzia. Hela yangu ilirudi kwenye kazi ya kila wiki: unatuma aya zako mwenyewe, mkufunzi anazipitia na kuandika maoni pembeni. Aya ya kwanza niliifungua kama mtu anayebisha hodi ugenini: kilimo ni uti wa mgongo, tangu enzi za mababu, na kadhalika. Akafuta mistari 5, akaandika kando ya wa 6: "Anzia hapa." Niliumia. Kesho yake nikausoma tena, na kweli hoja ilikuwa imejificha pale pale. Kwingine nilimwita mkulima wa kike "he" mara 3 katika aya moja. "Yeye" wetu hana jinsia, tufanyeje! Halafu nilipoandika kwamba majibu ya wakulima "prove" faida ya mbegu mpya, akaweka "suggest", maana nilihoji watu 12 tu, wote wa Masaka. Miaka yote ya shule sikuwahi kuambiwa kwamba ushahidi ukiwa mwembamba, na kitenzi kipunguze sauti.

Kero zipo. Kikagua tahajia chao kinapigia "matoke" mstari mwekundu kila mara. Kubwa zaidi, majadiliano ya wanafunzi waliyaweka Facebook, ambayo Uganda iliifunga Januari 2021. Kuingia ni mpaka VPN, programu ya kukwepa kizuizi, nayo inakula bando, na bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai mwaka huo huo. Nilihudhuria mara mbili nikaacha. Video nilizipakua kwa Wi-Fi ya maktaba.

Pendekezo limepita mara ya tatu, likiwa limepungua kurasa 4. Wanauza pia huduma ya mkufunzi peke yake, bila video. Nimeshalipia kwa ajili ya tasnifu. "A" na "the" bado zinanitoa jasho.