Wakala wa tiketi wa Uhindini: safari ya Mama kwenda Roma

Kama unamsafirisha mzazi kwa ndege ya mbali kutoka hapa Dodoma, nenda kwa wakala wa tiketi aliye Uhindini, kwenye kile chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Nimewakabidhi safari yangu na Mama ya kwenda Roma mwezi Oktoba. Viza zimeshabandikwa kwenye paspoti, tiketi tunazo, na pesa yangu naona imekwenda mahali pake.

Mama ni mwana-WAWATA, ule umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, wa siku nyingi na safari hii ameiombea miaka mingi. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo nilikwenda naye makusudi. Dada wa pale alimwamkia, akampa kiti, na kabla hajagusa kompyuta akamuuliza, "Mama, ngazi unapanda mwenyewe?" Mama akamjibu kwamba anapanda taratibu, ila mwendo mrefu ndio unaomshinda. Jibu hilo ndilo lililoamua kitakachoandikwa kwenye buking. Msaada wa kiti cha magurudumu una madaraja: WCHR ni kwa anayemudu ngazi za ndege lakini hawezi kutembea mbali, WCHS ni kwa asiyeweza ngazi, na WCHC ni kwa anayehitaji kufikishwa mpaka kwenye siti yake. Asiyeweza ngazi akiandikiwa WCHR, shida itamkuta uwanjani, mbele ya ngazi zenyewe. Mama akaandikiwa WCHR, kwenda na kurudi, nami nikaonyeshwa kwenye karatasi mahali ilipoandikwa.

Kwenye nauli alinikatalia jambo moja, na namshukuru. Nilikuwa nimeona mtandaoni bei ya chini kwa kukata vipande viwili, Dar es Salaam hadi Addis Ababa, kisha Addis hadi Roma. Akanieleza kwamba tiketi zikiwa mbili, ndege ya kwanza ikichelewa hakuna anayewajibika kukutafutia nyingine, na mizigo huenda ukalazimika kuichukua na kuikabidhi upya. Tiketi ikiwa moja, shirika la ndege ndilo linalobeba jukumu hilo. Tena akakataa kutuunganishia kwa saa moja na dakika chache, akachagua kusubiri saa nne hivi, maana kiti cha magurudumu nacho kina foleni yake. Akamwambia Mama abebe sweta, kwa sababu Addis iko juu sana na usiku kuna baridi.

Viza waliisimamia vizuri. Hawauzi tiketi kabla viza haijatoka. Wanashika nafasi tu. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isipungue kinga ya yuro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15. Alama za vidole unazipeleka mwenyewe Dar es Salaam, hakuna wakala wa kukuwekea. Tulipanda treni ya SGR, chini ya saa nne tukawa tumefika.

Ratiba ya Roma yenyewe ilipangwa kwa kumfikiria Mama. Jumatano imeachwa wazi kwa ajili ya kumwona Papa, na dada akasisitiza kwamba tiketi za hadhara hiyo ni bure, tusikubali kuuziwa na mtu. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, hivyo wametuwekea Alhamisi. Colosseum ni yangu mimi. Jengo la mwaka 80 baada ya Kristo bado limesimama, lazima nilione.

Risiti yao siipendi. Nauli na ada yao vimewekwa pamoja, mpaka uulize ndipo watenganishe, na mteja hapaswi kulazimika kuuliza. Simu za mchana pia hazipokelewi. Kwa sisi tunaotoka Mtumba, mbali na mjini, hilo ni tatizo, kwa hiyo piga asubuhi, na ukienda nenda na mzee wako.