Saiti ya kuhesabu umbali wa ndege, nimeijaribu Lamu mpaka New York

Kuna hizi saiti za bure, unaandika mji unaotoka na mji unaokwenda inakupa kilomita na masaa ya ndege hapo hapo. Mimi kuna moja naitumia tangu mdogo wangu apate chuo New York, maana mama kila siku ni mbali kiasi gani huko na mwanangu atakaa hewani masaa mangapi.

Kwa umbali sina neno, iko sawa kabisa. Nairobi mpaka New York ni kama kilomita 11,840, na inapima kwa kufuata mviringo wa dunia si rula juu ya ramani, ndo maana ule mstari unaona umepinda kwenda kaskazini, hiyo ndo njia fupi yenyewe. Inafunguka haraka hata kwa simu ndogo, haili bando.

Masaa sasa. Wanachofanya ni kugawanya kilomita kwa mwendo wa ndege, 850 hivi kwa saa, wanaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Kwa hivyo kwenda na kurudi jibu ni lile lile, masaa 14 na kitu. Lakini ile ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja, ilianza Oktoba 2018, ni kama masaa 15 kwenda na 14 kurudi, sababu kule juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ukienda Marekani unakuja nao uso kwa uso, ukirudi unakusukuma. Jamani sisi wa Lamu hili tunalijua toka zamani, majahazi yalikwenda Arabuni na upepo wa kusi yakarudi na upepo wa kaskazi, hakuna nahodha alohesabu safari kwa umbali peke yake! Saiti ya kuhesabu safari isiyouliza upepo kwangu haijakamilika.

Halafu ukiandika Lamu mpaka New York ndo mbaya zaidi, inakupa kilomita 12,200 na masaa karibu 15, kama kwamba ile ndege kubwa itapaa hapo Manda, kiwanja chetu kidogo cha Lamu. Mama alipoona alifurahi kweli ikabidi nimueleze. Kwanza boti mpaka Manda, kisha ndege ndogo ya kama saa na robo mpaka Nairobi, na hapa muwe macho sana, ndege za Lamu zingine zinatua JKIA, uwanja mkubwa wa Nairobi, zingine Wilson, ule mdogo, ukitua Wilson lazima upande gari uvuke mji kwenda JKIA na jamu ya Nairobi mnaijua. Bado kufika masaa matatu kabla, na ya New York huondoka usiku. Mtu akitoka nyumbani mtaa wa Langoni, Lamu, mchana, mpaka akanyage kule ni siku nzima na zaidi.

Nilichopenda mno ni sehemu ya tofauti ya saa, New York wako nyuma yetu masaa 8, wakisogeza saa zao mwezi wa Machi inakuwa 7 mpaka Novemba, na saiti inabadilisha yenyewe. Mama sasa hampigii tena mtoto akiwa kalala.

Naipa nyota tatu. Itumieni kwa umbali na kwa saa za kule, lakini mkikata tiketi fuateni masaa yaliyoandikwa kwenye tiketi, na muulize kabisa ndege ya kutoka Manda inatua eapoti gani.