Risasi za .30-06 kwenye madumu ya maji: mita 25 ndizo zilizonishangaza

Msimu wa kulungu huku Minnesota hufunguliwa Novemba, na safari hii sikutaka kuingia porini na risasi nisiyoijua tabia. Nilinunua boksi mbili za .30-06 (saizi ya risasi ya bunduki ya kuwindia), zote greni 180, yaani kama gramu 11.7 kwa kichwa kimoja. Ya kwanza ni ya bei poa, ncha laini ya kawaida, kampuni siitaji. Ya pili Nosler Partition, ambayo bei yake inauma.

Tulikwenda shambani kwa rafiki, penye gema refu la udongo la kuzuia risasi. Tukapanga madumu ya plastiki ya lita 3.8, yamejaa maji, saba kwa mstari. Maji si nyama wala mfupa, ila angalau unapata cha kulinganisha.

Mwenzangu wa Bukavu hakuwa na shaka: “Yaya, ya karibu njo iko na nguvu, ao?”

Hata mimi nilidhani hivyo. Ile ya bei poa, kwa mita 25, ililipasua dumu la kwanza vipandevipande, maji ya baridi yakatulowesha, halafu ikaishia dumu la tatu. Niliyoiokota ilikuwa shaba iliyomenyeka kama ganda la ndizi, madini ya ndani yamesambaa. Mizani: gramu 5.4. Kwa mita 200 (baada ya kukosa mara moja na kuusingizia upepo) ikafika dumu la tano, imefumuka vizuri kama uyoga, gramu 8.9.

Sababu ni mwendo. Ikitoka mtutuni inakwenda kama mita 820 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ncha laini hufumuka ghafla, ikapanuka, ikajifunga breki yenyewe. Ikifika mita 200 imeshapungua hadi karibu 700, inafunguka taratibu na kuzama zaidi.

Partition ina ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele ikiharibika, ya nyuma inaendelea kusukuma. Iwe mita 25 au 200, ilisimama dumu la sita, na ile ya karibu ilibaki na gramu 7.6. John Nosler aliibuni baada ya risasi zake kumwangusha mbele ya moose (jamii ya kulungu, ila mkubwa sana) huko Kanada mwaka 1946, na kwa nilichokiona namwelewa.

Lawama yangu ni kwenye shabaha. Kwa mita 100, matundu matatu ya zile za bei poa yalikaribiana kama kizibo cha soda. Ya Partition yalitawanyika upana wa mdomo wa kikombe. Kwa kulungu inatosha, kwa mashindano sahau. Na nilipiga risasi chache tu, bunduki yako inaweza kusema vingine.

Ninapokaa mimi kulungu hutokea mita 40 hivi, kwa hiyo Partition ndizo zimeingia kwenye magazini. Mwenzangu bado anashikilia kwamba lile dumu la tatu lilikuwa na kasoro.