Uzoefu wangu: Shilingi 500 za kumtazama mheshimiwa na kiti chake

Jumamosi iliyopita nililipa shilingi 500 kuingia katika ukumbi mmoja hapa kisiwani Mombasa kutazama mchezo wa kuigiza unaowakejeli wabunge, na ninaandika tathmini hii kwa sababu majirani kadhaa hapa Majengo wameniuliza kama wakienda pesa zao zitakwenda bure. Hazitakwenda bure. Hata hivyo yapo mambo ambayo kikundi hicho cha vijana, ambacho sitakitaja jina, kinapaswa kuyarekebisha, na moja kati ya hayo liliniudhi hata nikakaribia kuondoka kabla ya pazia kufunguliwa.

Mimi ni fundi seremala, kwa hiyo macho yangu yalikwenda kwanza kwenye kiti. Jukwaani kuna kiti kimoja tu, kikubwa, chekundu, na mheshimiwa hakiachi kwa sehemu kubwa ya mchezo: hulia chakula hapo, husinzia hapo, hupiga kura hapo, na mama anapokuja kumweleza kwamba mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, yeye huendelea kupangusa vumbi kwenye mkono wa kiti. Vijana walionizunguka walidhani kiti hicho ni ubunifu wa watunzi. Sisi tunaoukumbuka mwaka 2012, ukumbi wa Bunge ulipokarabatiwa na kuwekwa viti vilivyotengenezwa na Idara ya Magereza, ambavyo vyombo vya habari viliripoti kuwa kimoja kiligharimu shilingi 200,000, tulicheka kwa uchungu. Katika karakana yangu kiti cha mvule chenye mikono, kilichopigwa msasa vizuri na kupakwa vanishi mara tatu, sijawahi kukiuza kwa zaidi ya shilingi 25,000, na mara nyingi mteja hulipa kidogo kidogo hadi mwezi wa tatu.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya mchezo huu, kwamba watunzi hawakutia chumvi. Waliyachukua matakwa ambayo wabunge wenyewe wamewahi kuyatoa, wakayaweka kinywani mwa mhusika kama yalivyo. Onyesho la pili, ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote, linamwonyesha mheshimiwa akiandika orodha ya mambo anayotaka kupewa Bunge litakapovunjwa: kiinua mgongo cha mamilioni, pasipoti ya kidiplomasia, mlinzi mwenye bunduki, ruhusa ya kutumia vyumba vya wageni mashuhuri katika viwanja vya ndege, na mwisho kabisa mazishi ya kitaifa. Anapofika kwenye mazishi anasimama kwa mara ya kwanza, anajilaza sakafuni, anafunika mwili wake kwa bendera na kutuuliza sisi watazamaji kama mizinga imefika. Dada mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti kwamba hili sasa limezidi, haliwezi kuwa kweli. Ni kweli. Mnamo Januari 2013, katika siku za mwisho za Bunge la 10, wabunge walijipitishia marupurupu hayo, mazishi ya kitaifa yakiwemo, na kila mmoja angepata takriban shilingi milioni 9.3, Rais Mwai Kibaki ndiye aliyekataa. Nilimgeukia dada yule nikamweleza, naye akanyamaza hadi onyesho likaisha.

Jambo jingine nililolipenda ni vazi. Mwaka 2013 waandamanaji jijini Nairobi walipeleka nguruwe mbele ya majengo ya Bunge kupinga tamaa ya wabunge waliotaka mshahara wao urudishwe hadi shilingi 851,000 kwa mwezi, baada ya Tume ya Mishahara kuupanga kuwa shilingi 532,500. Vijana wetu wamemchagua kunguru badala yake. Mheshimiwa amevaa suti nyeusi na skafu ya kijivu shingoni, na yeyote aliyewahi kuanika samaki au kuacha vifaranga uani hapa Mombasa alimtambua kabla hajafungua mdomo. Anatembea kwa kuruka-ruka, anainamisha kichwa upande akisikia sauti ya sarafu, na akiona sahani ya mwingine hawezi kutulia.

Onyesho la kivuko cha Likoni ni fupi lakini linauma. Gari la mheshimiwa linapita kwa king'ora pembeni ya foleni, naye anawaambia abiria walioloa jasho kwamba ana haraka ya kwenda kuwatetea. Onyesho linalofuata tunamkuta kikaoni, akidai ruzuku ya kununulia gari, shilingi milioni 5, kiasi kile kile ambacho wabunge walikubaliwa mwaka 2013 ili waache kugombania mshahara. Posho ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi, iliyoanza kulipwa mwaka 2019 na kubatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2020, imetajwa kwa sentensi moja tu, ilhali ingestahili onyesho lake. Ningependa pia waongeze Kifungu cha 117 cha Katiba. Kinga inayotajwa humo ni uhuru wa mbunge kusema Bungeni bila kuogopa kushtakiwa, na alipewa ili aseme kwa niaba yetu. Mheshimiwa wa jukwaani anaitumia kinga kupita foleni, lakini hakuna mhusika hata mmoja anayemkumbusha ilikusudiwa nini.

Sasa kasoro. Mchezo ulichelewa kuanza kwa saa moja na dakika ishirini bila mtu kuomba radhi, na kipaza sauti kilikuwa kikikatika. Hayo ninayasamehe. Nisilolisamehe ni safu mbili za mbele, zenye viti vya kitambaa, zilizowekewa karatasi za kuwahifadhia waheshimiwa waalikwa. Hawakuja. Viti vikabaki vitupu usiku kucha huku wazee wawili waliolipa kama mimi wamesimama ukutani, na kijana wa mlangoni akikataa kuwaketisha kwa kuwa hakuwa na idhini. Kikundi kinachotufundisha kuukataa upendeleo hakiwezi kuugawa mlangoni.

Kasoro ya pili ni mama yule wa karo, ambaye wamempa lafudhi ya Kwale iliyokuzwa makusudi, na ukumbi ukawa unamcheka yeye kila anapofungua mdomo. Wakati huo mbunge anapumua. Kejeli ikimwangukia anayeomba haki yake, anayemnyima anapata mapumziko asiyoyastahili, na mwigizaji yule ana uwezo wa kutosha kutuchekesha bila hilo.

Baada ya mchezo niliwafuata nyuma ya jukwaa na kuwaambia haya yote ana kwa ana. Walinisikiliza kwa adabu, na mkubwa wao akaahidi kwamba Jumamosi ijayo hapatakuwa na kiti cha kuhifadhiwa isipokuwa kwa wazee na wenye ulemavu. Nitakwenda tena kuhakikisha, tena nitakwenda mapema na mfuko wa vifaa, kwa sababu mguu wa nyuma wa kile kiti chekundu umelegea na wameniomba niukaze kabla mheshimiwa hajakikalia.