Uzoefu wangu: kutoa redio na vyombo vya zamani vilivyokwama kwenye Cessna 172

Wamiliki wengi wa ndege ndogo huulizia bei ya kufungiwa GPS mpya, lakini ni wachache wanaouliza vyombo vya zamani vitatolewa namna gani. Kwa sababu hiyo nimeona nieleze huduma niliyopata katika karakana moja ya vifaa vya kielektroniki vya ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi. Ndege yangu ni Cessna 172 ya mwaka 1978 iliyoletwa kutoka Marekani, na kabla sijainunua ilikaa miaka mingi Malindi, kwenye hewa ya chumvi. Paneli yake ilikuwa na redio ya KX 155 iliyokatakata sauti, kipokezi cha ADF (chombo kinachoonyesha upande kilipo kituo cha redio cha ardhini) ambacho mshale wake haukuaminika tena, na kipokezi cha Loran-C, mfumo wa zamani wa kuongozea safari kwa mawimbi ya redio. Hicho cha mwisho hakikuwa na kazi yoyote huku kwetu: Loran-C ilitegemea minara ya ardhini ambayo haikuwahi kujengwa Afrika Mashariki, na hata huko Marekani mitambo yake ilianza kuzimwa Februari 2010.

Redio ya KX 155 haishikiliwi na skrubu za usoni. Huteleza ndani ya trei ya bati iliyofungwa kwenye paneli, na usoni pake kuna tundu dogo la kuingiza alenki (ufunguo wa pembe sita) ya inchi 3/32. Ukiizungusha alenki kinyume cha saa, ulimi wa chuma ulioishikilia redio huachia trei, redio husukumwa nje kidogo kidogo, na pini za nyuma huchomoka zenyewe huku kebo za antena zikibaki kwenye trei. Yangu iligoma. Alenki ilizunguka kidogo, kisha ikakaza kabisa.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu mafundi hawa. Kijana aliyekuwa akiifanya kazi hiyo aliinua mkono kuongeza nguvu, na mhandisi aliyemsimamia akamzuia, akanigeukia na kusema, "Mzee, tukiilazimisha tutavunja ulimi, na hapo itabidi tukate trei." Alikataa pia bisibisi isipenyezwe pembeni mwa uso wa redio, kwa kuwa uso huo ni wa plastiki na hupasuka haraka. Waliondoa kwanza jalada la plastiki la paneli, wakakuta ukingo wake umeibana redio kwa juu. Kisha wakalegeza skrubu za ubavuni mwa trei, ambazo zilikuwa zimekazwa mno kiasi kwamba bati lilijikunja kuelekea ndani na kuibana redio pande zote mbili. Baada ya hapo fundi mmoja aliisukuma redio kwa ndani kwa kiganja ili kuupunguzia ulimi mzigo, mwenzake akazungusha alenki polepole, na safari hii ikaachia. Walitumia alenki yenye ncha bapa badala ya ile yenye ncha ya mviringo, kwa maelezo kwamba ya mviringo hugusa sehemu ndogo tu ya pembe za tundu na huzila haraka. Pini za nyuma zilikuwa na kutu ya kijani, lakini hawakupuliza mafuta ya kulainisha, kwa sababu yangetiririka hadi kwenye viunganishi vya vyombo vinavyobaki.

ADF haikusumbua. Kipokezi cha Loran kilichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa vichwa vya skrubu za trei yake vilikuwa vimeliwa na ilibidi vitobolewe kwa drili. Kabla ya kuwasha drili walitandika kitambaa nyuma ya paneli na kushikilia bomba la kufyonza vumbi karibu na ncha yake, maana chembe za chuma zikidondokea kwenye sakiti breka (swichi za kukata umeme unapozidi) au kwenye mitambo ya usukani, madhara yake huweza kujitokeza ndege ikiwa angani. Betri ilikuwa imetenganishwa tangu mwanzo.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyonifanya niandike mapitio haya. Waya zilizoachwa na vyombo hivyo zilifuatiliwa mpaka mwisho. Zilizoweza kutolewa zilitolewa, na chache zilizobaki zilifungwa ncha, zikafungiwa pamoja na kuandikwa lebo. Antena za ADF na Loran zilishushwa na matundu yake kuzibwa vizuri ili maji yasiingie. Kila kifaa kilipimwa uzito, na umbali wake kutoka ukuta wa moto, yaani bati linalotenganisha injini na chumba cha rubani, ukaingizwa katika hesabu mpya ya uzito na mizania ya ndege. Dira ya sumaku nayo ilikaguliwa upya, kwani mabadiliko ya vyuma na umeme kwenye paneli huweza kuipotosha, na kadi mpya ya masahihisho ikabandikwa. Yote yaliandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege na kutiwa saini na mhandisi mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya.

Sikuridhishwa na jinsi bei ilivyopangwa. Makadirio ya awali yaliihesabu kazi ya kutoa kama sehemu ndogo ya kufunga, kisha saa zilizoongezeka kwa sababu ya Loran zikatozwa zote. Saa hizo zilikuwa za haki, nami nimezilipa bila kinyongo, ila zilipaswa kutajwa mapema, hasa kwa ndege iliyowahi kukaa pwani. Anayepeleka ndege yake aombe paneli ifunguliwe na trei zikaguliwe kwanza, kisha apewe makadirio mawili kwa maandishi: ya kutoa na ya kufunga.