Kalibu za chambo cha plastiki laini: ipi ununue kwanza na ipi uiache

Nianze na kosa langu nikuokolee hela. Kalibu yangu ya kwanza, au moldi kama wengi tunavyosema, niliichagua kwa macho tu. Picha ilionyesha kisamaki kizuri chenye mkia mwembamba kama kasia, matundu sita kwa mpigo, nikajua hapa nimemaliza. Nikayeyusha plastiki, nikaisukuma ndani, nikasubiri, nikafungua: samaki sita hawana mikia. Nikarudia, watatu wakatoka na nusu mkia. Kumbe plastiki ya moto ikifika pale kwenye shingo nyembamba ya mkia na alumini yenyewe iko baridi, inaganda njiani kabla haijafika mwisho. Tangu siku hiyo najua swali la kwanza siyo kalibu ipi nzuri, swali ni unataka chambo cha umbo gani na plastiki utaiingizaje.

Kuingiza kuko kwa njia mbili. Unamimina kwa kikombe kwenye kalibu iliyo wazi juu, chambo kinatoka upande mmoja bapa, au unadunga kwa bomba la sindano kwenye kalibu iliyofungwa, chambo kinatoka mviringo pande zote. Basi, tuingie kwenye madaraja.

Namba moja kwangu ni alumini ya vipande viwili ya kudunga. Ndiyo, mfuko utauma, tena bomba unanunua pembeni, ila alumini inafyonza joto haraka kwa hiyo ndani ya dakika chache unafungua na kuanza duru nyingine, na ukiitunza utaichoka wewe kabla yenyewe haijachoka. Ya kwanza nunua ya nyungunyungu aliyenyooka, hana mikia hana miguu, plastiki inateleza mpaka mwisho. Usimdharau kwa urahisi wake, Nick Creme alitengeneza nyungunyungu wa plastiki laini kule Akron, Ohio mwaka 1949 na umbo lile mpaka leo samaki wanaling'ata.

Kabla hujalipa omba picha ya ndani ya kalibu ikiwa imefunguliwa, siyo picha ya chambo. Angalia kuna mikwaruzo myembamba inayotoka ncha ya kila tundu mpaka ukingoni? Hiyo ni njia ya hewa, isipokuwepo hewa inabanwa mwishoni na chambo kinatoka na shimo. Angalia pini za kulinganisha vipande viwili, zikicheza kidogo tu utapata mshono ubavuni mwa kila chambo na utakaa na mkasi jioni nzima. Halafu piga hesabu ya ujazo. Nyungunyungu wa sentimita 12 hivi, aliyenona, anakula kama mililita 10, matundu manne ni 40, ongeza ile inayobaki kwenye mfereji wa kuingilia, kwa hiyo bomba la mililita 60 linatosha, ila kalibu ya matundu nane inataka la 120 na mkono usiotetemeka. Ndo maana nasema anza na manne. Na ukishajaza usitoe bomba papo hapo, kandamiza sekunde kadhaa, maana plastiki ikipoa inasinyaa na bila akiba ya kuvuta utakuta kichwa kimebonyea.

Namba mbili silikoni. Kama unapenda kaa au kamba mwenye makucha na vimiguu, hii inaipita alumini bila ubishi, sababu unaikunja na chambo kinachomoka bila kukatika, na kwa kuwa hainyonyi joto haraka plastiki inafika mpaka kwenye vikucha. Ila uzuri huo unaulipia kwa muda, inapoa polepole sana, ukifungua kwa pupa unatoa kitu kimepinda. Ukiibana kwa klampu kali nayo inaminyika na umbo linaharibika, weka vibao viwili vigumu huku na huku. Muuzaji mwulize inahimili nyuzi ngapi, asipokujibu namba achana naye, unataka inayozidi 200 za Selsiasi bila wasiwasi. Ukiamua kujitengenezea mwenyewe, silikoni ya platinamu, yaani ile inayogandishwa kwa kichocheo cha platinamu, usiikutanishe na udongo wa kufinyangia wenye salfa, inabaki inanata tu haigandi hata uisubiri wiki.

Ya tatu ni alumini ya wazi ya kumimina. Naishusha kwa sababu ya lile tumbo bapa tu, wala samaki sijaona wakilalamika sana. Haihitaji bomba, na kupanga rangi mbili, mgongo mweusi tumbo jeupe, ni rahisi kuliko kwenye ya kudunga. Kama bado hujajua utaipenda hii kazi au utaiacha mwezi ujao, ipandishe iwe namba moja yako.

Plasta naiweka ya nne na wala usiinunue, tengeneza. Adui wake ni maji. Plasta inakauka juu inaficha unyevu ndani, ukimimina plastiki ya moto unyevu unageuka mvuke, chambo kinajaa matobo au plastiki inakurukia. Ikauke siku kadhaa halafu ipakwe epoksi ndani, hapo sawa.

Ya mwisho kabisa ni zile zilizochapwa kwa printa ya 3D. PLA, plastiki inayotumika sana kwenye printa hizo, inaanza kulegea karibu na nyuzi 60, plastiki yetu inamiminwa ikiwa 160 na zaidi, sasa hapo niongeze nini. Printa itumie kuchapa mfano wa chambo, upige msasa mistari yote iishe, halafu mfano huo ndo uumwagie silikoni.

Sasa kabla hujakimbilia kalibu ya pili, hela inayobaki ina kazi. Plastiki yenyewe ni plastisoli, inakuja kama maziwa, tikisa chupa vizuri maana unga wake wa PVC, aina ya plastiki, unazama chini. Ukiipasha kwenye maikroweva, kidogo kidogo huku unakoroga taratibu usiingize mapovu, inakuwa nzito ina mabonge mpaka unadhani umeiharibu, endelea tu, ghafla inalegea na kuwa angavu kama asali. Hapo iko kati ya nyuzi 160 na 177. Ikizidi sana inageuka njano halafu kahawia, na hiyo ni PVC inaungua, inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, kitu cha asidi kinachokwangua koo na mapafu. Kwa hiyo kipimajoto, miwani, glovu ndefu, na barakoa yenye vichujio vya mvuke na gesi za asidi, hizi za vumbi hazisaidii kitu. Fanyia kazi penye hewa, na maikroweva iwe ya kazi hiyo tu, hii ya chakula usiiguse hata kama mwenye nyumba hayupo. Tone la maji kwenye kikombe nalo linaifanya plastiki irushe matone ya moto yanayonata kwenye ngozi, nina alama kwenye kiganja.

Chambo kikishapoa usikitupe kwenye boksi moja na vile vya plastiki ngumu, kilainishi chake kinavila mpaka rangi inachubuka.

Wale samaki wangu wasio na mikia niliwakatakata nikawayeyusha upya. Rangi huchafuka kidogo kila unaporudia, kwa hiyo niliongeza nyeusi nikawadunga kwenye kalibu ya nyungunyungu. Ile ya mikia siku hizi naipasha moto kwanza ndo nadunga, sita kwa sita wanatoka na mikia yao.