TAHADHARI: Misumeno ya mnyororo bandia na kamba zisizofaa kupandia miti zinauzwa mkononi Tabora

Ndugu zangu mnaofanya kazi ya kukata na kupogoa miti, mafundi wa misumeno, wenye yadi za mbao, na yeyote anayefikiria kununua vifaa vya kazi hii kabla ya mvua kuanza: naandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji anayezunguka hapa Manispaa ya Tabora na wilaya za jirani akiuza misumeno ya mnyororo, kamba, mikanda ya kupandia miti na winchi za mkono, na ambaye sasa amefika hatua ya kuchukua advansi za watu kwa mashine za kusaga matawi ambazo hana. Jina lake silitaji, kwa sababu kila aliyeuziwa ametajiwa jina tofauti, na majina ya maduka anayoyachapisha kwenye karatasi zake yanaweza kuwa ya watu wasiohusika kabisa. Nitaeleza mwenendo wake na bidhaa zake, maana hivyo havibadiliki.

Huja na pikapu iliyofunikwa turubai, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa kama wanavyovaa vijana wa ujenzi, na husimama karibu na yadi za mbao au mahali ambapo watu wako kazini wakiangusha mti. Dukani hutamwona. Maelezo yake ni kwamba vifaa hivyo vimebaki baada ya mkandarasi kumaliza kipande chake cha kazi: akiwa mjini husema ni mkandarasi wa reli, akiwa upande wa Nzega na Igunga husema ni wa bomba la mafuta. Watu humwamini upesi kwa kuwa miradi hiyo ipo kweli na mitambo yake tunaiona ikipita barabarani. Lakini mkandarasi anayeuza mali iliyobaki huiuza kwa nyaraka zinazoonyesha ni mali ya nani na imetolewa kwa idhini ya nani. Hamtumi mtu kuuza msumeno mmoja mmoja chini ya mwembe.

Msumeno anaopenda kuuonyesha ni ule mkubwa wenye maandishi ya STIHL MS 381, kwa kuwa wapasua mbao wengi wanaujua na kuutamani. Niseme mapema kwamba kampuni hiyo ya Ujerumani haihusiki. Jina lake limeibwa. MS 381 halisi ina injini ya cc 72.2 na uzito wa kilo sita na ushee bila mnyororo na baa, yaani lile bapa refu la chuma ambalo mnyororo huzungukia, na wakala anayetambulika huiuza kwa bei inayomfanya mtu ajipange. Huyu huanza na laki tisa, akiona unasita hushuka hadi laki sita, na ukiondoka hukufuata kwa simu jioni akiwa tayari kupokea laki nne na nusu. Mfanyabiashara mwenye mzigo halali hawezi kupoteza nusu ya bei kati ya asubuhi na magharibi.

Namna anavyoijaribu mashine mbele ya mteja ni ya kuangaliwa kwa makini. Hufika injini ikiwa tayari ina moto, huiwasha mwenyewe, hukata kipande kifupi cha gogo bichi la mwembe, kisha huizima kabla ya dakika kwisha na kuanza kuzungumzia bei. Mteja akiomba aiwashe yeye, au akiomba ipelekwe kwenye gogo kavu la mninga, huambiwa kwamba mashine mpya haitakiwi kulazimishwa. Sababu halisi ni kwamba injini hizi zikipata joto hupoteza nguvu, na zikizimika zikiwa na moto haziwaki tena hadi zipoe.

Misumeno miwili kati ya aliyoiuza ililetwa kwenye meza yangu na watu wasiofahamiana. Yote miwili ilikuwa na namba ileile ya mashine, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya mashine halisi hugongwa kwenye chuma cha kasha la injini, na kila mashine ina yake. Hii ilikuwa imechapishwa kwenye stika iliyobanduka kwa ukucha. Chini ya rangi ya machungwa kulikuwa na rangi nyingine ya kijani. Nilipofungua upande wa klachi wa ule wa kwanza nikakuta mkanda wa breki, yaani kile kipande cha chuma kinachotakiwa kubana ngoma ya klachi ili mnyororo usimame, ni mwembamba na umelegea kiasi cha kuchezeshwa kwa kidole, na springi yake imeshikizwa kwa waya wa kufungia nondo. Ule wa pili haukuwa na springi kabisa. Kinga ya mkono ya mbele, ambayo ikisukumwa ndiyo hutakiwa kufunga breki, ilisogea vizuri na hata kutoa mlio wa kujifunga, kwa hiyo mtu angeapa kwamba breki ipo.

Hapo ndipo jambo hili linapovuka mpaka wa kuibiwa fedha. Mnyororo wa msumeno wa ukubwa huo, injini ikiwa katika mwendo wa juu, hukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Sehemu ya juu ya ncha ya baa ikigusa tawi jingine, msumeno hurushwa nyuma kuelekea uso wa anayeushika, haraka kuliko mkono unavyoweza kuuzuia, na breki ndiyo iliyowekwa kwa ajili ya tukio hilo. Kijana mmoja wa Ipuli aliyekuwa akipunguza mwembe uliolalia bati la nyumba alirushiwa msumeno wa aina hii. Kinga ilisukumwa na mkono wake kama inavyotakiwa, lakini mnyororo uliendelea kuzunguka na kupasua ukingo wa kofia ngumu aliyoivaa. Amesalimika. Wenzetu wengi hupanda bila kofia, na ninaomba kila mmoja aufikirie mkasa huo bila ile kofia.

Kuipima breki hakuhitaji fundi. Weka msumeno chini mahali pasipo na mawe wala mchanga, ushike kwa mikono yote miwili, bonyeza mafuta kwa kidole hadi mnyororo uzunguke kwa kasi, kisha sukuma kinga ya mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto bila kuachia mpini: mnyororo lazima usimame papo hapo. Ukiendelea kuzunguka hata kidogo, mashine hiyo haifai kupandishwa mtini wala kutumiwa chini. Angalia pia kama mnyororo unatulia injini inapounguruma bila kubonyezwa mafuta, na kama chini ya baa, karibu na mwili wa mashine, kuna kile kidole kidogo cha kudaka mnyororo unapokatika. Muuzaji anayekataa vipimo hivi amekwisha kujieleza.

Kamba zake zinanitia hofu zaidi ya misumeno, maana msumeno mbovu hujitangaza kwa kelele na moshi, ilhali kamba mbovu hukaa kimya hadi siku inapokatika. Anauza marobota ya kamba yenye rangi za kuvutia akidai ni za kupandia miti na kwamba zimepimwa Ulaya. Kamba ya kufanyia kazi juu iliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 1891, aina A, hutakiwa kuhimili angalau kilonyutoni 22, ambazo ni kama uzito wa kilo 2,200, na ndani yake, katikati ya nyuzi, hupita utepe mwembamba wenye jina la mtengenezaji, namba ya kiwango na mwaka wa kutengenezwa, maandishi yakirudiwa kila mita au pungufu. Tulikata ncha ya kamba moja aliyoiuza na kuzifumua nyuzi zake zote: hakukuwa na utepe, ila nyuzi ngumu za plastiki zinazong'aa. Tuliitupa kwenye ndoo ya maji ikaelea. Nailoni na poliesta, ambazo ndizo hutumika sana kutengenezea kamba za kupandia, huzama. Inayoelea namna hiyo mara nyingi ni polipropilini, kamba nzuri sana kwa wavuvi wa Kigoma wanaotaka kamba isizame ziwani, lakini huyeyuka mapema kwa joto la msuguano, na kushuka mtini kwa kamba ni msuguano mtupu. Mikanda yake nayo haina lebo iliyoshonwa, au lebo imekatwa kwa mkasi, na mwenye kuuza mkanda uliokatwa lebo anaficha umri wake.

Kuhusu mashine ya kusaga matawi nitasema kwa ufupi. Hutuma picha kwa simu, hudai mashine iko Dar es Salaam ikisubiri behewa, na huomba advansi ya milioni moja na nusu ili asiipe mteja mwingine. Katika picha niliyoonyeshwa, miti iliyo nyuma ya mashine haina jani hata moja na chini kuna theluji. Theluji haijapata kuanguka Pugu Road, wala popote Dar es Salaam.

Fedha huzipokea kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kabla hujaweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la anayepokea; waliolipa wanasema jina lililotokea halikuwa lile alilojitambulisha nalo, naye huwaeleza kwamba ni la mhasibu wake. Risiti anayotoa ni ya kuandikwa kwa mkono, haina namba ya mlipakodi, na ahadi yake ni kwamba risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, itafuata. Haifuati. Risiti halali ya EFD ina namba ya uhakiki unayoweza kuiangalia kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA) ukiwa hapohapo unapouziwa, na mwenye duka halali hakasiriki ukifanya hivyo. Karatasi ya dhamana ya mwaka mmoja anayoambatanisha ina muhuri mkubwa lakini haina anwani ya mahali popote.

Kwa mtu anayetaka msumeno sasa, kabla upepo na mvua za Novemba hazijaleta simu za miti iliyolalia mapaa, ushauri wangu ni kutafuta wakala anayetambuliwa na mtengenezaji, hata kama ni kuagiza kutoka Mwanza au Dar es Salaam, au kununua mashine iliyotumika kwa mtu unayemfahamu kazini. Pitia pia ofisi ya wilaya ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) uulize masharti ya kumiliki na kutumia msumeno wa mnyororo, kwa sababu mashine isiyo na risiti wala namba ya kweli itakuletea maswali usiyoweza kuyajibu siku utakaposimamishwa nayo barabarani.

Waliokwisha kuuziwa wasiiuze mashine hiyo kwa mwingine ili kurudisha fedha. Nimesikia wawili wakilipanga hilo, na wajue kwamba watakuwa wanamuuzia mwenzao jeraha. Tunza mashine, karatasi, ujumbe wa muamala na mazungumzo ya simu bila kufuta chochote, nenda kituo cha polisi ukapate RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni, na peleka taarifa Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa dhidi ya bidhaa bandia. Ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma vitumwe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Muuzaji huyo akionekana, polisi wapigiwe simu. Asiguswe, kwa kuwa akipigwa kesi itageuka na fedha zenu hazitarudi.

Mara ya mwisho pikapu yake ilionekana Kaliua ikielekea Malagarasi, kwa hiyo wenzetu wa Uvinza, Kasulu na Kigoma mjini mnaombwa kuwaarifu wenye yadi za mbao leo hii. Waliouziwa hapa Tabora ambao bado hawajaenda polisi waende wakiwa na RB za wenzao waliotangulia, ili malalamiko yote yaunganishwe katika jalada moja.